Njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa namna nyingi: mwanafunzi mwenye kazi ya shule, mgeni aliyetoka kupiga picha Bagamoyo, mtu wa Tabora anayetaka kumaliza ubishi wa kijiweni. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananiuma, mengine kwa mstari mmoja tu.

Njia hii ilipita wapi hasa?

Ilianzia pwani, Bagamoyo, ikavuka mto Ruvu (wasafiri wa zamani waliuita Kingani), ikapita Ukwere na Ukutu hadi karibu na Morogoro ya leo. Hapo palikuwa na mji wenye ukuta, Simbamwene, mji wa Kisabengo na baadaye binti yake. Kutoka hapo njia ilipanda milima ya Usagara, ikashuka Mpwapwa, kisha ikaingia nyika isiyo na maji iitwayo Marenga Mkali, yaani maji makali. Mbele yake kulikuwa na Ugogo, halafu msitu mrefu wa Mgunda Mkali, ndipo msafara ukatokea Unyanyembe, Tabora ya leo. Kutoka Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Nyingine ilikwenda magharibi kupitia Uvinza kwenye chumvi, ikavuka Malagarasi na kuishia Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Yote ni zaidi ya kilomita 1,200.

Ila usiwaze barabara. Ilikuwa njia ya mguu, upana wa mtu mmoja, watu wakifuatana kama siafu. Mti ukianguka, hakuna aliyeukata. Watu waliuzunguka, na baada ya miaka mti umeoza lakini kona imebaki. Tena njia yenyewe ilihama: kisima kikikauka, mtemi akipandisha ushuru, au vita ikizuka, misafara ilitafuta pa kupita pengine. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani mstari mmoja mwekundu ulionyooka, jua mchoraji amerahisisha mambo.

Nani aliifungua? Waarabu au Wazungu?

Si hao wala hao. Swali lenyewe linaonyesha tulivyofundishwa.

Kabla bidhaa za pwani hazijafika bara, bara lenyewe lilikuwa likifanya biashara. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na watu walitoka mbali kuifuata. Kulikuwa na majembe ya chuma, kulikuwa na mifugo. Vijia vya biashara hizo ndivyo vilivyounganishwa kidogo kidogo hadi vikafika baharini. Walioviunganisha ni Wanyamwezi, na kufikia mwaka 1800 hivi walikwishafika pwani na pembe za ndovu begani. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walipanda bara baadaye, Sayyid Said, Sultani wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja na bei ya pembe ikapanda, nao walipita palepale walipopita Wanyamwezi. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipoondoka pwani mwaka 1857, waliongozwa kwenye njia ambayo watoto wa Unyamwezi waliifahamu kwa majina ya kambi zake zote.

Kwa nini mizigo ibebwe na watu? Hawakuwa na punda, ng'ombe wala magari?

Tatizo lilikuwa mbung'o. Ugonjwa wake uliua ng'ombe, farasi na ngamia, na punda walihimili kwa shida. Watu walijaribu, tena kwa ukaidi. Mwaka 1876 na 1877 wamisionari wa London walijaribu kupeleka magari ya kukokotwa na maksai kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa, maksai wakafa. Mwaka 1877 Waingereza walianza kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Walifika kilomita mia na ushei tu, wakaiacha ilipofika 1881.

Kituko kikubwa ni cha mwaka 1879. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne waliofunzwa kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam. Hesabu ilikuwa kwamba tembo mmoja atabeba mzigo wa watu kadhaa. Tembo wakaanza kufa njiani, na mpango ukafa nao. Nikipita Msasani siku hizi, kwenye foleni ya magari, huwa nawawaza wale tembo wakiogelea kufika nchi kavu.

Kwa hiyo bega la mtu lilishinda kila chombo kilicholetwa, mpaka reli ilipofika.

Msafara ulikuwaje kwa macho?

Mbele kabisa alitangulia kirangozi, ndiye kiongozi. Alivaa nguo nyekundu, kichwani manyoya ya ndege au ngozi ya mbega, na alishika bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Nyuma yake ngoma. Halafu wabeba pembe, ambao walijiona mabwana wa msafara, na ncha ya pembe ilifungwa kengele ya ng'ombe ikilia kila hatua. Pembe kubwa mno ilining'inizwa kwenye mti, ikabebwa na watu wawili, mzegazega. Wakafuata wenye mitumba ya nguo, wenye mifuko ya shanga, wenye masango ya waya wa shaba nyeupe na nyekundu, wenye masufuria na mahema. Wanyapara na askari wenye bunduki walitawanyika kandokando na nyuma.

Wanawake walikuwamo, jambo ambalo picha nyingi hazionyeshi. Wake wa wapagazi walibeba vyombo na watoto, walipika, na baadhi walifanya biashara yao ndogo kambini. Vijana wadogo nao walikwenda, wakibeba vijipembe vyepesi ili bega lizoee. Unyamwezini, kijana ambaye hajawahi kwenda pwani alichekwa, na kupata mchumba kwake ilikuwa kazi.

Safari ilianza alfajiri kabla ya jua kuwa kali, na ikakoma kabla ya adhuhuri. Kilomita 15 hivi kwa siku ilikuwa mwendo mzuri. Kilichofuata ni kujenga vibanda vya nyasi na kutafuta chakula. Mahali pasipo na maji, kama Marenga Mkali, mpango ulibadilika: walipika na kunywa asubuhi, wakaondoka mchana, wakalala porini na kiu, alfajiri wakaendelea hadi kisima cha mbele. Mwendo huo wa mchana waliuita terekeza. Mpagazi aliyesikia neno hilo likitangazwa hakufurahi.

Mtu mmoja alibeba kilo ngapi?

Kwa kawaida frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ongeza juu yake mkeka wake, sufuria, posho ya siku kadhaa na silaha. Wenye nguvu walibeba zaidi kwa malipo zaidi.

Safari ilichukua muda gani?

Wanyamwezi wenyewe, bila wageni wa kuwachelewesha, walitumia miezi miwili au mitatu kati ya pwani na Tabora. Walipanga kwa majira: mavuno yakiisha wanashuka pwani, mvua za kupandia zikikaribia wanarudi kwao. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne hadi Tabora. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na akafika Ujiji Novemba, kwa sababu vita ya Mirambo, mtemi wa Urambo, ilimziba njia na ikambidi azunguke kusini.

Walilipana kwa fedha gani?

Kwa nguo zaidi ya kitu kingine. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichotoka viwanda vya Marekani, na ndiyo sababu ya jina lake. Kulikuwa na kaniki, nyeusi yenye kuelekea buluu, kutoka India. Kipimo kilikuwa mkono, shuka, doti, jora. Doti moja ni shuka mbili. Mama yeyote anayenunua kanga leo anajua doti, na fundi cherehani anajua jora, ila wachache wanajua kwamba wanatumia vipimo vya fedha ya misafara.

Shanga zilikuwa chenji. Hapo ndipo mgeni aliumia, maana shanga zilikuwa na fasheni. Samisami nyekundu zilizopendwa kijiji hiki zilikataliwa kijiji cha pili, na mtu aliyebeba mzigo wa rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mchanga. Tajiri mwenye akili aliuliza kwanza wapagazi waliorudi karibuni: huko bara mwaka huu wanavaa nini?

Hongo ilikuwa rushwa?

Hapana. Hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita. Mtemi alikuwa na visima, mashamba na amani ya nchi yake. Msafara wa watu mia tano ukipita kwake, utakunywa maji, utakata kuni, utanunua nafaka na pengine kuiba mihogo. Ulipaji ulifanyika kwa majadiliano, doti kadhaa kwa mtemi, doti kadhaa kwa wakubwa wake, na wakati mwingine ulichukua siku tatu. Ugogo ndiko hongo ilikuwa kubwa, na wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa wakilalamika. Lakini Ugogo maji ni shida hadi leo. Aliyechimba kisima mchangani kwa mikono yake alikuwa na haki ya kudai bei.

Neno lilivyogeuka kuwa na maana ya rushwa ni hadithi ya upande wa mlipaji, si ya mpokeaji. Maneno mengine ya njia hii yalihama pia. Mtumba ulikuwa mzigo wa bidhaa uliofungwa, leo mitumba ni nguo zilizovaliwa Ulaya. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka cha mpagazi, leo watu wanagombea posho ya kikao. Mnyapara alisimamia wapagazi, leo yuko gerezani na kwenye mashamba.

Wapagazi walikuwa watumwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu linalozoeleka ni picha ya mtu aliyefungwa mnyororo na pembe begani. Picha hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wa njia hii yote.

Utumwa ulikuwapo. Watu walikamatwa, hasa Manyema (mashariki mwa Kongo ya leo) na maeneo ya magharibi ya ziwa, wakauzwa Ujiji, Tabora na pwani. Wengi hawakufika baharini. Walibaki kulima mashamba ya matajiri wa Tabora na Ujiji, au waliishia kwenye minazi na mikarafuu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Biashara haikukoma siku hiyo. Ilijificha.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya waliobeba pembe na nguo kwenye njia ya kati walikuwa watu huru wanaofanya kazi ya mshahara. Walipatana malipo kabla ya kuondoka. Wakionewa, waligoma. Posho ikipunguzwa, walitua mizigo chini na kukaa. Mzigo ukiwa mzito kupita mapatano, waliuacha porini usiku na kurudi kwao. Wasafiri wa Kizungu waliandika haya kama malalamiko kuhusu wapagazi watukutu. Ukiyasoma upya unaona wafanyakazi waliojua thamani yao. Mtu akiwaita wote watumwa, amewanyang'anya kazi yao kwa mara ya pili.

Bagamoyo maana yake nini?

Kuna simulizi mbili, zote zinaanzia kwenye kubwaga moyo. Ya kwanza inasema mtumwa aliyefika baharini alijua hatarudi, akauacha moyo wake bara. Ya pili inasema mpagazi aliyefika salama alitua mzigo, akapumua, moyo ukatulia. Waongoza watalii hupenda ya kwanza kwa sababu mgeni hutoa machozi. Mimi huelekea ya pili, kwa kuwa mji uliishi kwa wapagazi. Msimu ukifika walijaa maelfu, wakangoja mizigo ya kurudi nayo.

Bagamoyo nitaona nini cha zama hizo?

Mji Mkongwe wenyewe, kwanza. Kuna Caravan Serai, mahali misafara ilipopangwa, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Kuna misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, yenye mnara wa kanisa la kale. Hapo ndani mwili wa Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, ulilala usiku wa tarehe 24 Februari 1874.

Kwenye uwanja wa misheni tazama mbuyu mkubwa. Shina lake limemeza mnyororo. Inasemekana bibi mmoja wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa hapo alikuwa akifungia punda wake, akausahau, na mbuyu ukaendelea kunenepa. Kipande kidogo tu cha chuma ndicho kinachoonekana, na watu hukigusa. Wengi huondoka wakidhani ni mnyororo wa watumwa. Waulize wenyeji, watakwambia ni wa punda.

Kilomita chache kusini ni Kaole, mji wa zamani zaidi kuliko Bagamoyo, wenye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya nguzo ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Ghuba yake ilijaa matope na mikoko, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia jirani. Burton na Speke waliondokea hapo Kaole, ingawa vibao vingi hutaja Bagamoyo.

Sewa Haji ni nani?

Mhindi wa Kiislamu aliyekodisha wapagazi na kuuza vifaa vya safari Bagamoyo, akatajirika sana. Aliyetaka kupanda bara alipitia kwake. Alifariki 1897. Sehemu ya mali yake aliitoa kwa hospitali, na jengo la Sewahaji pale Muhimbili linabeba jina lake. Wagonjwa wengi hulitaja kila siku bila kujua kwamba ni jina la tajiri wa misafara.

Katikati ya njia kuna alama gani?

Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde. Zote zilikuwa vituo vya kupumzika na kununua chakula, na zote zina mabaki ya misheni au ya Wajerumani. Usitegemee vibao. Mpwapwa ilipendwa kwa maji yake: ukitoka pwani, ndipo mahali pa mwisho pa kunywa ukashiba kabla ya Marenga Mkali, na ukitoka Ugogo ni mahali pa kwanza. Hilo ndilo lililoijenga.

Tembe la Kwihara ni nyumba halisi ya Livingstone?

Ni nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua wa ndani, kilomita chache kutoka Tabora mjini, na unayoiona leo imejengwa upya. Haikuwa yake. Ilikuwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kiarabu waliomkaribisha Stanley mwaka 1871. Livingstone alikuja naye kutoka Ujiji mwanzoni mwa 1872, Stanley akaondoka Machi, na mzee akabaki hapo hadi Agosti akisubiri wapagazi aliotumiwa kutoka pwani. Safari yake ya mwisho ilianzia kwenye ua huo.

Mirambo alikuwa jambazi au mfalme?

Inategemea ulikuwa unalipa au unalipwa. Mirambo wa Urambo alikua akiona utajiri ukipita mlangoni kwake na kwenda kwa Waarabu wa Unyanyembe na watemi waliowaunga mkono. Mwaka 1871 akafunga njia. Waarabu walimwendea na jeshi, Stanley akiwamo, wakapigwa na kukimbia. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyefika Ujiji bila kumfikiria Mirambo. Baadaye alipokea wamisionari na akafanya biashara na pwani kama mtawala yeyote. Alikufa Desemba 1884, na dola yake haikudumu baada yake. Tabora nayo ilikuwa na Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi Januari 1893. Boma lake lilipovunjwa, alijilipua kwa baruti badala ya kukamatwa.

Mwili wa Livingstone ulifikaje pwani?

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wapatao sitini, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani na kuufunga kwa gome la mti na turubai. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mashariki ya Tabora, Kasekera, wakaambiwa kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite nchini kwao. Sasa tazama werevu wa wapagazi. Walifunga bua za mtama kwa nguo, wakazifanya zifanane na maiti, wakatuma watu sita warudi nazo kama wanaokwenda kuzika Unyanyembe. Hao walipoingia porini, walizitupa bua mojamoja na kurudi kwa kunyata. Mwili wenyewe ulifungwa upya, mfupi na wa mviringo, kama mtumba wa nguo. Aliyeuona alidhani ni merikani. Hivyo ndivyo Livingstone alivyofika Bagamoyo: kama mzigo wa kawaida, begani kwa watu waliojua kufunga mizigo.

Wainwright alisafiri na jeneza hadi London na kuhudhuria maziko ya Westminster, Aprili 1874. Chuma na Susi, waliopanga yote, walifika Uingereza baada ya maziko kwisha.

Mwembe wa Ujiji ndio uleule waliokutania Stanley na Livingstone?

Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe iliyopo leo inaelezwa kuwa imetokana na ule wa awali. Kuna jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika, na jumba dogo la makumbusho lenye sanamu za watu wawili wakisalimiana kwa kuvua kofia. Watoto huzicheka, na kusema kweli zinachekesha.

Mbona ziwa liko mbali na mnara? Si walikutana ufukweni?

Swali zuri, na wengi hawalifikirii. Enzi hizo Ziwa Tanganyika lilikuwa juu zaidi. Mto Lukuga, ambao ndio mlango wake wa kutokea upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalivunja kizuizi, yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka mita kadhaa kwa miaka michache. Ujiji haikusogea. Maji ndiyo yaliyoondoka.

Miembe ya njiani ilitokana na kokwa walizotupa watumwa?

Mwembe si mti wa asili wa Afrika, ulitoka kusini mwa Asia na kupitia pwani. Kwa hiyo kuuona Tabora au Ujiji ni ushahidi kwamba watu wa pwani walifika. Lakini miembe iliyosimama kwa mstari mnyoofu imepandwa na mtu mwenye kamba na nia. Kokwa iliyotupwa haioti kwa mstari.

Reli ya Kati ilifuata njia hii?

Kwa ujumla ndiyo, kwa sababu maji na mapengo ya milima hayajali wewe ni gari moshi au mpagazi. Wajerumani walianza kujenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kilomita 1,250 hivi. Bagamoyo iliachwa. Bahari yake ni ya kina kifupi, majahazi hutia nanga na mizigo kubebwa majini. Makao ya serikali yalihamia Dar es Salaam tangu 1891, na reli ikamaliza kazi. Ujiji nayo ilirukwa, kwa kuwa bandari ilijengwa Kigoma. Miji miwili ya mwisho wa njia, wa mashariki na wa magharibi, ilikosa reli yote miwili.

Vituo vingi vikubwa vya reli hiyo, na sasa vya treni ya umeme iliyoanza 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, viko umbali mfupi kutoka kambi fulani ya wapagazi. Mwendo wa wiki kadhaa sasa ni wa saa chache.

Meli ya Liemba inahusianaje?

Ni mzigo mkubwa wa mwisho uliopita njia hii. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 wakiikimbia vita, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiinua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kama Liemba. Mitambo ilikuwa salama.

Ilikuwa njia pekee?

Hapana. Kilwa ilikuwa na njia yake kuelekea Ziwa Nyasa, Pangani na Tanga kuelekea Kilimanjaro, Mombasa kupitia Ukambani. Kila moja ina watu wake na machungu yake. Nikiingia huko sitamaliza leo.

Ni urithi wa dunia?

Bado. Tangu 2006 imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO iliyopendekezwa na Tanzania, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Kuna mnara wowote wa wapagazi wenyewe?

Hesabu alama zote nilizotaja: mnara wa Livingstone, tembe la Livingstone, mwembe wa Livingstone. Yeye alipita. Waliopita mara kumi, ishirini, miaka na miaka, hawana kibao.

Kuna mahali pamoja, ingawa si pa misafara ya pembe. Katika vita ya 1914 hadi 1918, bega la mtu lilirudishwa kazini kwa nguvu, na maelfu kwa maelfu ya wabebaji walikufa kwa njaa na maradhi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wabebaji, Carrier Corps, kiliweka kambi nje kidogo ya mji. Watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake, kwa sababu ileile.

Nenda Kariakoo ya Dar asubuhi ya Jumamosi. Utasikia "nyuma, nyuma, mzigo!" Ukigeuka, kijana anapita katikati ya watu kwa mwendo wa haraka, shingo imeinama upande mmoja, begani ana belo la mitumba.